Maswali yenu: mtu wa Waterloo na Stalingrad atakubali kwenda kupigana kwenye nyota?

Nilisema juzi kwamba mimi mtu wa gemu za vita vya kihistoria siku hizi jioni zangu nyingi zinaishia kwenye sayari ambazo hazipo, kumbe nimechokoza nyuki. Maswali yamekuja kibao, mengine ya upole, mengine utadhani nimeusaliti ukoo. Nimechukua machache.

Mkuu, kweli mtu aliyezoea Vita Kuu ya Pili miaka yote anaweza kuhamia kwenye leza na maroboti? Au tunadanganyana tu?

Hatudanganyani, tena wengi walishahama kitambo wakanyamaza tu. Mchukue H. G. Wells, yule wa The War of the Worlds ya mwaka 1898, wale wageni wa Mars wanashuka Uingereza na mashine za miguu mitatu. Jamaa huyohuyo mwaka 1913 akatoa Little Wars, kijitabu cha kanuni za kupigana sakafuni na askari wa kuchezea na vimizinga vya springi vinavyofyatua kwelikweli, na watu wa vita vya mezani mpaka leo wanamhesabu kama babu yao. Yaani babu wa hobi yetu ndo huyohuyo babu wa sai-fai, hadithi za sayansi ya kubuni, sasa sisi wajukuu tunagombania nini?

Njoo miaka ya 70. Kampuni ya GDW kule Marekani ilitoa Drang nach Osten! mwaka 1973, lile dude la uvamizi wa Wajerumani Urusi lenye vikaratasi vya vikosi mpaka unachoka kuvipanga, na mwaka huohuo ikatoa Triplanetary, meli za anga zinazunguka jua. Mwaka uliofuata SPI nao, watu waliojulikana kwa Napoleon na vifaru, wakaleta StarForce, ya vita vya nyota. Kwenye kompyuta ni hivyohivyo, kampuni ya SSI walitoa Panzer General, ya Vita Kuu ya Pili, 1994 na miaka miwili tu baadaye Star General, ya angani. Wote hao walikuwa wanamuuzia mteja yuleyule. Kinachobaki kuulizwa ni gemu ya namna gani inamshika na ipi inamkimbiza, na hapo ndo maswali yanayofuata yananoga.

Mimi siwezi, bana. Nikicheza vita vya Kursk najua kifaru cha Tiger cha Wajerumani ni kitu gani. Huku naambiwa meli yenye jina la ajabu ina nguvu 7. Kwa nini 7? Nani kaipima?

Hili ndo zito kuliko yote, sitaki kulipitia juu juu.

Gemu ya historia inakupa nusu ya kanuni bure kabla hujafungua kijitabu. Tiger ni tani 57, mzinga wa milimita 88, chuma cha mbele milimita 100, kwa hiyo hata mgeni kabisa anajua huyu humwendei usoni, unamzunguka. Na kubwa zaidi, unaweza kumkamata msanifu akikudanganya. Akikutengenezea mwaka 1941 halafu treni za Wajerumani zinateleza kutoka Berlin mpaka Smolensk bila shida unamshika shati palepale, maana reli ya Urusi ilikuwa na upana wa milimita 1524 na ya Ulaya 1435, ilibidi mafundi waisogeze reli yenyewe kilomita kwa kilomita huku jeshi liko mbele linalia njaa ya mafuta. Historia ni shahidi. Kwenye sai-fai shahidi hayupo, msanifu ndo mshitakiwa na ndo hakimu, na nakubali kabisa hilo linaudhi.

Ila nikuoneshe kitu kimoja. Ogre, ya Steve Jackson, mwaka 1977, gemu ndogo tu ya kuingia mfukoni. Upande mmoja una jeshi zima, vifaru, mizinga, askari wa miguu, mnalinda makao makuu. Upande wa pili una kete moja. Moja! Ni kifaru roboti kikubwa kama jengo, na karatasi yake pembeni imejaa vimiraba, mzinga mkuu mmoja, mizinga midogo minne, makombora mawili, na minyororo ya magurudumu vimiraba 45 kama unacheza na kile cha aina ya Mark III. Kinatembea hatua tatu kwa zamu. Ukikifuta vimiraba 15 vya minyororo kinabaki hatua mbili, ukifuta 30 kinabaki moja, ukivimaliza vyote kimekwama kama ng'ombe kwenye tope lakini bado kinauma. Sasa wewe mlinzi una zamu chache kabla hakijafika, unapiga bunduki zake ili watu wako wasiishe, au unapiga miguu ili kisifike? Ukigawa moto huku na huku unakosa kote. Mimi mara ya kwanza niligawa. Kilipita katikati ya vifaru vyangu kikakanyaga makao makuu na kilikuwa na mizinga mitatu bado mizima.

Hakuna aliyeuliza kwa nini minyororo ni 45 na sio 50. Baada ya nusu saa unaijua ile 45 ilivyo na thamani kuliko unavyoijua Tiger, kwa sababu umeihesabu kwa kalamu ikipungua. Kwa hiyo ile 7 yako shida yake sio kwamba imebuniwa, shida ni kama haikulazimishi kuchagua kitu chochote kinachouma. Na zipo nyingi za hivyo, sikatai, majina ya kutisha, rangi nyingi, halafu kila kikosi ni kilekile na koti tofauti. Hizo mimi mwenyewe nazifunga zamu ya tatu.

Angani hakuna mlima, hakuna mto, hakuna matope. Mbinu inatoka wapi sasa?

Swali zuri na hata wasanifu limewatoa jasho. Stellaris, gemu ya kompyuta ya kujenga dola kwenye nyota, ilipotoka 2016 ulikuwa unachagua namna tatu za kusafiri kati ya nyota na nyota, na moja ilikuruhusu kuruka tu kokote ndani ya uwezo wako, matokeo yake hakuna mpaka wala ngome iliyokuwa na maana, adui anatokea nyuma ya nyumba wakati wewe umejaa mlangoni. Mwaka 2018 wakafuta, wote mkabaki na njia maalumu zinazounganisha nyota, na ghafla angani kukawa na kitu kama bonde na daraja, nyota moja ukiishika umefunga njia ya nchi nzima. Yaani walilazimika kurudisha milima! Mtu wa historia akiona ramani ile anaelewa haraka tu pa kuweka ngome.

Njia nyingine ni ile ya Triplanetary, yenyewe haikuleta mlima, ilichukua mwendo wenyewe ikaufanya ndo uwanja. Unachora mstari wa mwendo wa meli yako juu ya ramani kwa penseli ya nta inayofutika, na zamu inayofuata meli inaendelea mstari uleule, urefu uleule, hata ukizima injini, mpaka uchome mafuta kuupinda. Ukijitia kasi sana kumkimbiza adui unampita halafu unatumia zamu nne kugeuka wakati yeye keshafika nyumbani. Hiyo haina tofauti kubwa na wapanda farasi walioshambulia wakashinda kisha wakashindwa kusimama, wakachinjwa na waliopumzika. Waterloo unaikumbuka.

Nimekulia kwenye Panzer General. Nianzie gemu gani bila kuumwa kichwa?

Warhammer 40,000: Armageddon ya 2014. Imejengwa juu ya injini ya Panzer Corps, gemu iliyofuata nyayo za hiyo Panzer General yako, kwa hiyo mikono yako itajua kila kitu siku ya kwanza, ramani ya vyumba vya pembe sita, vikosi vinapata uzoefu, badala ya Wafaransa kuna maork, yale majitu ya kijani. Siyo gemu ya kubadilisha maisha lakini ni daraja.

Ukishavuka, nenda Shadow Empire ya 2020, ya Vic Reijkersz, mtu ambaye kabla ya hapo alikuwa anatengeneza kampeni za Vita Kuu ya Pili, na inaonekana. Picha zake mbaya, nisiwafiche, na kusoma menyu zake kwa mara ya kwanza ni kama kusoma katiba. Lakini inakutengenezea sayari nzima, hewa yake, mvua yake, wadudu wake, halafu inakuuliza swali moja tu kila zamu, mzigo utafikaje? Barabara ina uwezo wake na kituo cha malori kina masafa yake, ukivuka hapo mzigo unapungua unapungua mpaka unakata. Mimi niliunda vifaru vyangu vya kwanza kwa mbwembwe nikavisukuma kuufuata mji wa jirani, zamu ya kwanza safi, ya pili safi, ya tatu mafuta nusu, ya nne vimesimama jangwani vimeng'aa tu vinasubiri kupigwa na wanamgambo wenye bunduki. Kituo cha malori nilikuwa sijajenga. Nilikaa nikacheka peke yangu kwa sababu miaka nimekuwa nawasema wale majenerali wa Hitler waliokwama njiani kuelekea Moscow Novemba 1941, ooh hawakupanga, ooh mimi ningefanya hivi.

Na vijana walioanzia kwenye 40K, yaani Warhammer 40,000 ya mezani, wao watakuja upande wetu?

Wanakuja sana tu. Rick Priestley aliyeandika Warhammer 40,000 ya kwanza mwaka 1987 baadaye alishiriki kuandika Black Powder ya 2009, za enzi ya baruti, na Bolt Action ya 2012, Vita Kuu ya Pili. Kijana akishazoea kupima kwa futi na kurusha dadu kumi kwa mkupuo hapo kilichobadilika ni sare tu. Mlango huu una njia mbili, sema wazee wetu wanaangalia wanaotoka hawaangalii wanaoingia.

Kaka, gemu za historia zinafundisha. Hizi za anga zinafundisha nini zaidi ya kupoteza muda?

Haya. Mwaka 1824 luteni mmoja wa Prussia, dola la Kijerumani la zamani, aitwaye von Reisswitz, alitoa Kriegsspiel yake, gemu ya vita ya kufundishia maofisa, ramani ya kipimo cha 1:8000, kila zamu dakika mbili, na katikati anakaa mwamuzi. Amri yako hupeleki mwenyewe, unamwandikia mwamuzi, yeye anapiga hesabu mjumbe wako atachukua muda gani kwa farasi ndo kikosi kinapokea. Unaona tu ambacho watu wako wangekiona. Somo lake kuu lilikuwa kuchelewa kwa habari.

Sasa kumbuka tarehe 14 Oktoba 1806. Napoleon yuko Jena anapigana, anaamini mbele yake ndo jeshi kuu la Prussia. Kumbe jeshi kuu liko Auerstedt, kama kilomita 20 hivi, na linapigana na Davout, jemadari wa Napoleon, mwenye watu kama 27,000 dhidi ya zaidi ya 60,000, na Davout anashinda. Napoleon alipoletewa habari hakuamini kwanza. Kilomita 20 tu!

Gemu nyingi za historia haziwezi kukupa hiyo hali, kwa sababu wewe unajua tayari nani yuko Auerstedt. Umesoma. Unakaa juu ya meza kama malaika. Lakini niweke Mars, ambako mawimbi ya redio kutoka duniani yanachukua kati ya dakika 3 na 22 hivi kutegemea sayari zimekaaje, kwenye vita ambavyo hakuna aliyevisoma mwisho wake, hapo niko gizani kama Napoleon alivyokuwa gizani. Msanifu akiijenga vizuri hiyo hali ya kutojua, amenifundisha 1806 vizuri kuliko kete zenye sare sahihi za 1806. Asipoijenga basi ndo huo muda unaopotea unaousema, na mara nyingi hawaijengi, nakubali.

Nimejaribu mara tatu nimeshindwa. Nina kasoro?

Huna. Kuna watu wanacheza kwa ajili ya watu wenyewe, wanataka kete iandikwe Davout na wajue huyu alikuwa na kipara na miwani na mkali kuliko wote, na hakuna sayari ya kubuni itakayowapa huyo. Usijilazimishe, hobi sio mtihani. Tena mimi mwenyewe maswali haya yamenitia hamu, leo usiku sayari inasubiri, nafungua Auerstedt na nachukua Wafaransa.