Sanduku la Bwana Diko: Wakaandika sifuri

Kwa miaka 27 mwandishi wa safu hii alikuwa bwana diko kaskazini mwa Unguja, akiandika samaki wanaoshushwa dikoni, pale vyombo vya uvuvi vinapofikia. Amestaafu, na sasa anaandika majibu.

Swali: Shikamoo Bwana Diko. Naishi Chwaka. Naokota kombe na chaza, na maji ya bamvua nashuka mwambani kuchokoa pweza. Mwezi uliopita walikuja vijana wawili na vishikwambi, wakanikuta nakuna nazi. Wakaniuliza: "Bibi, ungekuwa tayari kulipa shilingi ngapi kila mwezi ili mikoko ya ghuba isikatwe?" Nikawajibu sina hata ya mchele. Wakaandika sifuri, nimeiona kwa macho yangu. Tangu siku hiyo roho haijatulia. Ndiyo kusema nimetoa ushahidi kwamba mikoko yetu haina thamani? — *Bi. M., Chwaka*

Jibu: Marahaba, Bi. M. Lala usingizi. Wewe umejibu ukweli, walioteleza ni waulizaji.

Wasomi huita njia ile kupima utayari wa kulipa. Mikoko haina bei ya sokoni, basi wanapita nyumba kwa nyumba kutafuta bei ya kudhania. Kwa watu wenye mishahara njia hiyo inakwenda kwenda. Kwetu inatia vitu viwili katika mizani moja, mapenzi ya mtu na mfuko wake. Mwenye hoteli akitaja laki mbili na wewe ukasema huna, kishikwambi kinaamini yeye ndiye mwenye uchungu na ghuba, ingawa katika miti ya mikoko hajui mkandaa ni upi na mchu ni upi.

Lau wangekugeuzia swali, kwamba ulipwe kiasi gani ukubali mikoko ing'olewe yote, nadhani ungewafukuza na hiyo mbuzi ya nazi. Watafiti wanalijua hilo siku nyingi: bei ambayo mtu angekubali ili apoteze kitu hupanda juu sana kuliko ile ambayo angelipa ili akilinde. Wapo pia wanaouliza kwa siku za kazi badala ya pesa. Vijana wale wakirudi waambie utatoa siku mbili kila mwezi kupanda miche ya mikoko. Waone kama wataandika sifuri tena.

Sasa na mimi nitubu, maana nina sifuri zangu, na ni nyingi kuliko za vijana hao.

Daftari langu la diko lilikuwa na safu za chombo, mtego, aina ya samaki, kilo na bei. Safu ya kwanza ni chombo. Mwanamke aliyerudi mwambani kwa miguu yake, ndoo kichwani, hakuwa na chombo, kwa hiyo hakuwa na mstari. Walikuwa wakipita nyuma ya banda, tunaamkiana vizuri, wanauza pweza kwa mchuuzi chini ya mkungu, na mimi narudi kwenye nyavu za jarife na mitego ya madema ya wanaume. Kila mwezi karatasi zangu zilikwenda mjini bila wao. Mkubwa aliyezisoma ofisini alikuwa na haki ya kuamini kwamba kijijini kwetu wanawake hawavui.

Halafu kuna kitoweo. Kabla dalali hajapaza sauti, kila mvuvi hutenga wake: wa nyumbani, wa mama mkwe, wa mzee aliyesaidia kuvuta ngalawa. Siku moja nilihesabu kwa udadisi tu. Chombo kilichonadi kilo 31 kilikuwa kimeshatoa mitungo minne. Hiyo mitungo minne iliwalisha watu jioni ile, na kwenye takwimu haikuwahi kuvuliwa.

Mwani ndio ulionifungua macho. Ulipoanza kulimwa kibiashara Unguja mwaka 1989, upande wa Paje, mnunuzi alilipa kwa kilo, basi ilibidi kila mkulima awe na jina lake kwenye daftari. Wakulima wengi walikuwa wanawake, na hao ndio waliojenga nyumba na kuwalipia watoto skuli kwa pesa walizozishika kwa mikono yao. Wakubwa wakasema mwani umewaingiza wanawake katika uchumi wa bahari. Hee! Walikuwemo tangu enzi za bibi zao, kilichoingia mwaka ule ni mizani.

Nikirudi kwenye ghuba yako: mikoko haipimwi kwa swali moja. Boriti na pau zina bei sokoni, hizo ni rahisi. Kaa wa matopeni nao wana bei, ila lazima mtu akae akuhesabie. Vitoto vya mkizi na kamba vinavyojificha kwenye mizizi ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu vitavuliwa mbali, vikiwa vikubwa, na mtu asiyejua vililelewa wapi. Kinga dhidi ya mawimbi hupimwa kwa kuuliza ukuta wa kuziba pengo la mikoko ungegharimu kiasi gani, na ukitaka kujua ukuta wa bahari si mchezo, nenda Dar es Salaam ukautazame ule wa Barabara ya Barack Obama.

Na kuna hewa ya ukaa, ambayo siku hizi kila mtu anaitaja. Gazi, kule Kwale nchini Kenya, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja wanauza kaboni tangu 2013, yaani wanalipwa kwa hewa ya ukaa inayofyonzwa na mikoko yao. Msitu wao ni hekta 117 tu, na hesabu yao ni kama tani 3,000 za hewa hiyo kwa mwaka. Fedha zimekwenda kwenye maji ya bomba na vitabu vya skuli. Nawavulia kofia. Ila ukisikia mtu anasema thamani ya mikoko ya Gazi ni hizo dola za kaboni, mkatize. Hiyo ni bei ya hewa peke yake. Kaa hayumo, ukuta haumo, na anayeokota chaza hayumo.

Swali: Mzee, mimi ni mwanafunzi wa chuo, Mtwara. Nimesoma kwamba Bahari ya Hindi upande wetu ina thamani ya dola bilioni 333.8. Hizo pesa ziko wapi? Nyumbani kwetu hatujaziona. — *H.S.*

Jibu: Nimecheka mpaka mjukuu kaja kutazama.

Tarakimu hiyo ni ya ripoti ya WWF, shirika la kuhifadhi mazingira, ya mwaka 2017, iliyohesabu eneo lote kuanzia Somalia hadi Afrika Kusini pamoja na visiwa, nchi kumi kwa jumla. Ndani yake kuna tarakimu mbili, na watu huzichanganya. Bilioni 333.8 ni mnazi, yaani mali yenyewe ya bahari. Nazi zinazoangushwa kwa mwaka ni bilioni 20.8. Mwenye mnazi hawezi kula shina, na akianza kulila basi mwakani asahau tui.

Wewe wa Mtwara utaniuliza mbona mna Ghuba ya Mnazi na gesi yake. Gesi haimo kwenye hesabu ile. Walitia vile vinavyozaliwa na bahari iliyo hai: samaki, fukwe za watalii, mikoko na nyasi za bahari zinazofyonza hewa chafu. Gesi ukishaichoma haioti tena. Naona walifanya vizuri.

Sehemu kubwa kabisa ya hizo nazi za kila mwaka ni utalii wa pwani, mbali juu ya uvuvi. Na hapo ndipo swali lako lina maana. Hesabu ya namna ile inaonyesha pesa zilizopita pwani, haionyeshi zililala wapi. Mgeni anaweza kulipia chumba huko huko kwao Ulaya, akalala Nungwi wiki nzima, na kijiji kikapata ya machungwa na ya kupakwa hina. Ukifika kuandika utafiti wako wa kumalizia chuo, fuatilia hilo. Ya jumla yameshaandikwa mengi.

Swali: Assalaam alaykum. Sisi ni wavuvi wa Pemba. Kuna maneno kwamba gati litajengwa kwenye maji yetu ya madema. Hakuna aliyetuambia rasmi. Tujiandae vipi? — *Wavuvi wanne, tusitaje kijiji*

Jibu: Waalaykum salaam. Mnajua wenyewe barabara inapopita shambani. Mthamini anakuja, anahesabu minazi na mikarafuu, mkubwa bei yake, mchanga bei yake, mnatia saini. Baharini hana cha kuhesabu. Akitazama anaona maji, na maji si ya mtu.

Lamu walipita njia hiyo kwa ajili ya bandari mpya. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliyoketi Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 za Kenya. Gawanya sawa kwa sawa, ni kama shilingi 382,000 kwa mtu. Kama ni nyingi au chache, muulize mtu ambaye angevua hapo miaka thelathini. Ninachowaombeni mkitazame ni kwamba ili kesi kama hiyo isimame, lazima ijulikane mvuvi ni nani, anavua wapi, na anapata nini.

Basi anzeni leo, kabla gati halijawa na jina. Nunueni daftari gumu. Kila siku andikeni tarehe, maji ya bamvua au maji mafu, kusi au kaskazi, mahali kwa jina lenu wenyewe la mwamba au fungu, mtego, kilo zilizouzwa na bei. Kitoweo kiandikeni pembeni, hata kama ni mtungo mmoja. Siku mliyorudi mikono mitupu nayo iandikwe, kwa sababu daftari lisilo na siku mbaya haliaminiwi na hakimu yeyote. Na wake zenu na mama zenu wanaoshuka kwa miguu wawe na kurasa zao, kwa majina yao, wasiingizwe chini ya jina la mume. Sheha atie mhuri kila mwisho wa mwezi, na nakala ikae nyumba nyingine.

Tumieni penseli. Wino wa kalamu nimeuona ukitiririka kurasa nzima kwa tone moja la maji ya chumvi.