Jamu ya soreli: usitupe kokwa

Toleo lililopita niligusia ile jamu nyekundu ya Karibiani inayopikwa kwa maua, nikapita mbio, na tangu hapo mmeniandikia karibu nyote juu ya hiyo tu. Haya, leo naijibu yenyewe.

SWALI: Anti shikamoo. Ile jamu ya Jamaika ni ya ua gani hasa, na nyumbani naipikaje mwanzo mwisho? Sijawahi kupika jamu yoyote maishani. — Mgeni wa Jiko

JIBU: Marahaba mwanangu. Ua lenyewe ni rozela, wengine mnaita choya, ila Jamaika na Trinidad wanaita soreli. Ukivuka ukaenda Martinique na Guadeloupe wanakozungumza Kifaransa inaitwa groseille, na hilo ni jina la tunda dogo jekundu chachu la kwao Ufaransa, yaani walipofika wakaona kitu chekundu kichachu wakakibandika jina la kitu cha kwao. Waingereza nao hivyohivyo, soreli kwao ni mboga ya majani machachu. Lakini mmea umetoka Afrika, ulivuka bahari wakati wa biashara ya utumwa na mwaka 1707 ulikuwa tayari unalimwa Jamaika, kwa hiyo mimi kila nikiupika naona napika kitu cha ndugu zetu waliopelekwa mbali, sio kitu cha kigeni.

Sasa sikiliza hapa maana ndipo wengi mnapopotea. Ukisikia maua usifikirie petali. Ua lenyewe ni la manjano iliyopauka na kati lina jicho la damu ya mzee, linachanua siku moja tu linanyauka. Kinachopikwa ni yale majani mekundu manene yanayolikumbatia ua kwa chini, ua likishaanguka yenyewe yanabaki yananenepa na kujaa maji, ukiling'ata moja ni chachu mpaka unafumba jicho. Ndani yake kuna kokwa ya kijani yenye mbegu. Nikisema maua hapa chini namaanisha hayo majani mekundu.

Chukua kilo 1 ya maua mabichi na kokwa zake. Osha, kata kitako kwa kisu kidogo ukizungusha, sukuma kokwa itoke. Utabaki na kama nusu kilo ya wekundu na bakuli la kokwa, na hizo kokwa ndugu yangu USIZITUPE. Soreli ni ukoo mmoja na bamia, na kokwa changa zina pektini, ile gundi ya asili ya matunda inayogandisha jamu, ya kukushikia jamu bila kununua unga wowote. Watu wa Queensland kule Australia nao wana jamu ya mmea huuhuu na ndivyo wanavyofanya, kokwa zinachemshwa kwanza peke yake. Zifunike na maji, chemsha dakika 20 mpaka 30 mpaka zilegee na maji yawe na utelezi kidogo ukiyashika kati ya vidole, chuja, kokwa sasa tupa.

Maji hayo kama mililita 700 ndio unapikia maua, moto mdogo, dakika 15 hivi mpaka yavurugike kwa mwiko. Ukitaka laini kabisa pitisha kwenye blenda, mimi naacha vipande. Kisha pima kwa kikombe: kikombe 1 cha rojo, kikombe 1 cha sukari. Koroga sukari iyeyuke yote kabla haijachemka, halafu ongeza moto ichemke kwa nguvu, na hapo usiende popote wala usishike simu. Mwanzoni povu ni jingi, jepesi, linapanda juu, baadaye linatulia na mapovu yanakuwa makubwa mazito yanayong'aa, yanapasuka polepole, na ukiinua mwiko tone la mwisho halidondoki, linaning'inia. Dondoshea kijiko kwenye kisahani kilicholala friza, subiri dakika 1, sukuma kwa kidole. Ikikunja ngozi kama maziwa yaliyopoa, zima. Mwenye themometa, ni nyuzi 104 mpaka 105 ukiwa usawa wa bahari, na kama unaishi mlimani pima kwanza maji yako yanachemkia ngapi halafu ongeza 4 au 5.

Sufuria iwe ya stenlesi au ile ya enameli isiyobanduka. Aluminiamu hapana, uchachu wa soreli unaila na ladha inageuka.

SWALI: Anti, nimepika nusu saa nzima bado inamwagika kama sharubati. Sukari niliweka nusu tu maana sipendi tamu. Kesho yake ilikuwa vilevile. — Nimekata Tamaa

JIBU: Usikate tamaa mpenzi, hiyo inaokoleka. Jamu inashikwa na vitu vitatu vikikutana, pektini, uchachu na sukari. Uchachu unao wa kutosha, soreli haihitaji hata ndimu. Pektini sijui kama kokwa ulizitupa, nadhani ulizitupa. Na sukari ndiyo hiyo umepunguza. Sukari humo sio ya utamu peke yake, inavuta maji ili nyuzi za pektini zishikane, ukiipunguza kwa nusu unampokonya fundi nyundo halafu unamuuliza mbona msumari haujaingia. Irudishe jikoni, ongeza sukari mpaka ukaribie robo tatu kikombe kwa kikombe cha rojo, chemsha kwa nguvu, kisahani kila baada ya dakika 3.

Ila usiende mbali sana upande wa pili. Mimi mara ya kwanza niliogopa itakuwa maji nikaiacha motoni karibu saa nzima, nikatoa kitu cha kahawia kinachovutika kama tofi, harufu ya sukari iliyoungua tu, soreli yote imepotea na ile rangi niliyoitafuta imekufa. Nililia kidogo maana maua yalikuwa ya mwisho wa msimu. Wekundu wa soreli hauvumilii moto mrefu, ndiyo maana nasisitiza moto mkali wa muda mfupi na sufuria pana, na kama maua ni mengi yagawe upike kwa mafungu mawili. Halafu sukari nyeupe inaacha rangi wazi, ya kahawia inaleta ladha nzuri ya miwa lakini jamu inakuwa nyeusi-nyeusi, chagua unachotaka.

SWALI: Nilipo maua mabichi hayapo, yapo makavu ya chai. Yanafaa? — Wa Makavu

JIBU: Yanafaa. Mabichi ni maji matupu kwa sehemu kubwa, kwa hiyo gramu 50 za makavu zinakaa mahali pa nusu kilo ya mabichi. Suuza vumbi, loweka usiku mzima, pika na yale maji uliyolowekea, usiyamwage maana rangi na uchachu vimehamia humo. Shida ni kwamba kokwa huna na maua yenyewe yanabaki na ugumu-ugumu, basi saga kwenye blenda na uongeze tofaa 1 la kijani lililokunwa na ganda lake, lina pektini nyingi. Haitakuwa sawasawa na ya mabichi, nasema ukweli, ila ni tamu.

SWALI: Anti, kwanini watu wa huko wanaipika Krismasi tu? Na wanaweka viungo gani? — Mdadisi

JIBU: Kwa sababu mmea wenyewe unasubiri siku ziwe fupi ndipo utoe maua, ile aina ya kienyeji inaiva kuanzia Novemba hadi Januari hivi, kwa hiyo Krismasi inakuta kila mtu ana gunia la soreli. Mengi yanakuwa kinywaji, na tangawizi nyingi na ramu, kinanyweka pamoja na ile keki nyeusi ya matunda yaliyolowekwa kwenye ramu, na jamu ni namna ya kuuweka msimu kwenye chupa.

Viungo vinafuata kisiwa. Jamaika ni tangawizi na pimento, zile punje za kahawia zinazonukia kama karafuu na mdalasini kwa pamoja. Trinidad wanapenda karafuu na mdalasini. Mimi kwenye kilo 1 ya maua natia tangawizi ya kidole gumba iliyokunwa, punje 5 za pimento kwenye kitambaa ili nizitoe, na ganda la chungwa moja bila ule weupe wake. Vingine acha. Ukirundika viungo unapata jamu ya viungo yenye rangi nyekundu, soreli yenyewe huisikii. Anayetumia ramu aweke kijiko kikubwa 1 ukishazima moto, sio kabla.

SWALI: Inashusha presha kama chai yake? — Mama wa Wawili

JIBU: Mama, chai ya maua haya imechunguzwa sana kwa habari ya presha, lakini jamu nusu yake ni sukari, usiile kama dawa, na kama unameza vidonge vya presha ongea na daktari wako hata kuhusu hiyo chai.

SWALI: Yangu imeota ukungu wiki ya tatu, nikatoa ule ukungu juu. Naila? — Sitaki Hasara

JIBU: Usiile, mwaga yote, mizizi ya ukungu inashuka usipoiona. Mara nyingine chemsha chupa dakika 10, mimina jamu ikiwa ya moto na chupa ikiwa ya moto, acha nafasi ya nusu sentimita juu, futa mdomo wa chupa maana tone moja tu la jamu linazuia mfuniko kukaa, funga, kisha tumbukiza chupa nzima kwenye maji yanayochemka dakika 10, na mlimani uongeze kidogo. Ya sukari pungufu hiyo ni ya friji na iishe ndani ya wiki 3. Kijiko kiwe kikavu, kila siku, na wanao waambie, kile kijiko kilichotoka kwenye siagi kisirudi kwenye jamu.