Mimi 12.56, yeye 12.57: nani kapatia?

Kila msimu wa mitihani ya kidato cha nne, barua za safu hii hugeukia jambo moja: mabishano yanayozuka nje ya chumba cha mtihani baada ya karatasi ya Hisabati. Tumechagua tano, na walimu wa somo hilo wamezijibu.

Shikamoo mwalimu. Tuliulizwa eneo la duara lenye nusu kipenyo cha sm 2. Mimi nimepata 12.56, rafiki yangu 12.57, na mwingine kaandika 88/7. Tumebishana mpaka getini. Nani kapatia?
*Mwanafunzi wa kidato cha nne, Morogoro*

Marahaba. Wote watatu mmefanya hesabu ileile: pai mara 2 mara 2. Mmetofautiana kwenye pai tu. Ukitumia 3.14 unapata 12.56. Ukitumia 3.142 unapata 12.568, ambayo kwa nafasi mbili za desimali inakuwa 12.57. Wa 22/7 anapata 88/7, yaani 12.571 na kuendelea. Kwa hiyo rudini kwenye swali: liliagiza pai ipi, na lilitaka nafasi ngapi za desimali? Kama lilisema tumia 22/7, aliyetumia 3.14 ameacha agizo, hata kama jibu lake linakaribiana na la wenzake. Lakini kama swali halikutaja pai wala makadirio, huo ubishi hauna kitu. Ulizaneni badala yake nani kaandika sm² na nani kaandika sm tupu.

Makadirio nayo huwachanganya wengi. 0.04057 kwa tarakimu muhimu tatu ni 0.0406, lakini kwa nafasi tatu za desimali ni 0.041. Watu wawili wanaweza kuwa na kazi inayofanana mstari kwa mstari, wakaachana kwenye mstari wa mwisho kwa sababu mmoja kasoma agizo haraka.

Kuna pia majibu yenye sura mbili na thamani moja. Mstari y = −(2/3)x + 4 na mstari 2x + 3y − 12 = 0 ni mstari mmoja. Weka x = 0, yote miwili inakupa y = 4. Weka y = 0, yote miwili inakupa x = 6. Mistari miwili iliyonyooka ikipita kwenye nukta mbili zilezile, basi ni mmoja. Vilevile 1/(√3 − √2) na √3 + √2 ni namba moja, ila kama uliambiwa uondoe vipeuo kwenye asili (namba ya chini ya sehemu), aliyeacha ile ya kwanza kazi yenyewe hajaifanya.

Namba hiyo ina mtego wakati wa kuhakiki. Chukua √3 = 1.732 na √2 = 1.414. Ukijumlisha unapata 3.146. Ukitoa unapata 0.318, na 1 gawanya kwa 0.318 ni 3.145. Mtu akiona hivyo anadai majibu ni tofauti. Kumbe ukitoa namba mbili zinazokaribiana unabaki na tarakimu chache za kutegemea, na kosa dogo la makadirio linakua. Tanzania, ambako mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne (Basic Mathematics) hauruhusu kikokotoo na watahiniwa hutegemea majedwali, tofauti ya namna hii kwenye tarakimu ya mwisho si ya kumnyima mtu usingizi.

Mwalimu, hujambo? Kwenye kanuni ya kosini nilikuwa na pande 7 na 8 na pembe ya nyuzi 60 katikati yake. Nilipata upande wa tatu 0.71, wenzangu wote 7.55. Alama zote zimeenda?
*Mtahiniwa wa KCSE (mtihani wa kidato cha nne wa Kenya), Nakuru*

Sijambo. Kosa lako tunalijua hata bila kuona karatasi. Uliandika a² = 7² + 8² − 2 × 7 × 8 × cos 60°, ukafika 113 − 112 cos 60°, kisha ukatoa 112 kutoka 113 kabla ya kuzidisha. Ukabaki na 1 × 0.5 = 0.5, na kipeuo chake cha pili ni 0.71. Kuzidisha hutangulia kutoa: 112 × 0.5 ni 56, 113 − 56 ni 57, na kipeuo cha pili cha 57 ni 7.55.

Sasa alama. Kwenye usahihishaji wa KCSE alama hupewa herufi. M ni ya njia, A ni ya jibu sahihi lililotokana na njia hiyo, na B husimama peke yake, bila kutegemea M. Ule mstari wa kwanza, namba zikiwa zimeingizwa mahali pake kwenye kanuni sahihi, ndio kwa kawaida hubeba M. Huo unao. A umeikosa, na kama kulikuwa na M nyingine ya kurahisisha, hiyo nayo iko mashakani. Karatasi yenyewe husema kwamba alama zinaweza kutolewa kwa kazi sahihi hata kama jibu si sahihi. Aliyeandika 0.71 bila mstari wowote juu yake, huyo ndiye aliyepoteza zote.

Na ungelikamata kosa mle mle chumbani: pande mbili zozote za pembetatu zikijumlishwa lazima zizidi wa tatu. 7 + 0.71 ni 7.71, haifiki 8. Pembetatu hiyo haichoreki.

Habari za kazi walimu. Binti yangu amerudi analia, anasema kwa majibu ya wenzake amefeli Hisabati. Tunawezaje kukadiria alama zake kwa haki?
*Mama wa mtahiniwa, Mwanza*

Salama mama. Kwanza ajue mtihani wa Tanzania ulivyojengwa: sehemu A ina maswali 10 ya alama 6 kila moja, sehemu B ina maswali 4 ya alama 10. Jumla 100. Daraja C linaanzia 45, D linaanzia 30.

Mpe karatasi tupu. Kila swali aliweke kwenye moja ya mafungu matatu: nimemaliza na nimehakiki, nimeanza vizuri nikakwama, sijagusa au nimebahatisha. La kwanza apewe alama zote, la pili nusu, la tatu sifuri. Tuseme sehemu A ana matano kamili, hizo ni 30. Matatu ya nusu, hizo ni 9. Sehemu B mawili ya nusu, hizo ni 10. Amefika 49, na hiyo ni C, ingawa jibu la mwisho kalipata sahihi kwenye maswali matano tu kati ya 14. Akihesabu kwa kulinganisha majibu peke yake angejipa 30, na ndiyo maana analia.

Makadirio hayo yanaweza kukosea juu au chini, hasa kwenye lile fungu la nusu. Afanye mara moja tu, kisha ashike daftari la somo linalofuata.

Wenzangu wanajadili swali la vekta kwenye sehemu ya pili. Mimi sikulifanya. Nimekosea kuchagua?
*Mtahiniwa wa KCSE, Kilifi*

Sehemu ya pili ina maswali 8 ya alama 10, na unatakiwa kufanya 5 tu. Matatu uliyoyaacha hayahesabiwi, kwa hiyo mjadala wake haukuhusu. Zaidi ya hapo, KCSE majibu huandikwa kwenye karatasi hiyohiyo ya maswali na huachwa kwa wasimamizi, hivyo hao wenzako wanabishana kwa kumbukumbu. Mmoja akikumbuka 5 badala ya 3, ubishi mzima ni juu ya swali ambalo halikuulizwa.

Sisi sita tumepata 28,800. Mwalimu wetu anasema 30,000. Inawezekanaje sita tukosee?
*Wanafunzi, Tanga*

Inawezekana, kwa sababu mtego ni mmoja na mmeuingia wote kwa mlango uleule. Bidhaa imepunguzwa bei kwa asilimia 20, sasa inauzwa sh. 24,000; bei ya mwanzo ni ipi? Nyinyi mlitafuta asilimia 20 ya 24,000, ambayo ni 4,800, mkaijumlisha. Lakini asilimia 20 ilikatwa kwenye bei ya mwanzo, si kwenye 24,000. Kilichobaki ni asilimia 80, kwa hiyo 24,000 gawanya kwa 0.8 ni 30,000. Hakikini: punguzeni asilimia 20 kwenye 28,800 na mtapata 23,040, siyo 24,000.

Ndugu yake swali hili ni x² = 9x. Darasa zima hugawanya kwa x, likaandika x = 9, na kuiacha x = 0 nje. Kwenye maswali ya aina hii msihesabu kura. Rudisheni jibu ndani ya swali muone kama linakaa.