Ubuntu ikipotea kwenye laptopu yenye Windows, usikimbilie kufomati

Kama una Windows na Ubuntu (aina ya Linux) kwenye mashine moja, halafu siku moja unawasha inaingia Windows moja kwa moja na ile menyu nyeusi ya kuchagua huioni, naomba usifomati kwanza. Nasema kwa uchungu maana mi nilishapoteza kazi ya miezi minne hivihivi. Fundi niliyempelekea alisema Linux imekufa, akapiga Windows upya diski nzima, nikaja kuelewa baadaye sana kwamba haikufa, ilikuwa palepale kwenye patisheni yake (kipande chake cha diski), kilichobadilika ni foleni tu ya nani anaitwa kwanza mashine ikiwaka.

Iko hivi. Kompyuta za siku hizi zinatumia UEFI (programu ya mazabodi inayowasha mashine), na kwenye diski kuna kipatisheni kidogo cha FAT32 ambamo kila mfumo unaweka faili zake za kuwashia, Windows kwenye folda yake na Ubuntu kwenye yake, hawafutani. Mazabodi inatunza orodha ya nani wa kwanza, na apdeti kubwa ya Windows inaweza kuipanga upya. Kwahiyo zima, washa, gonga F12 kama ni Dell au Lenovo, HP ni Esc halafu F9, ije menyu ya kuchagua cha kuwasha. Ukiliona neno ubuntu hapo, shusha pumzi, faili zako zipo. Ingia nalo, fungua teminali, andika sudo efibootmgr, utaona namba za kila mmoja, tuseme Windows ni 0000 na ubuntu ni 0003, unaandika sudo efibootmgr -o 0003,0000 na imeisha (weka namba za kwako sio hizi zangu).

Ikiwa kinyume, yani GRUB (ile menyu nyeusi) ipo ila Windows haimo, jua kwamba toka GRUB 2.06 ya mwaka 2021 ile kazi ya kutafuta mifumo mingine imezimwa. Fungua /etc/default/grub, ongeza mstari GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, sevu, halafu sudo update-grub.

Kingine kinachosumbua watu wengi ni Ubuntu kugoma kuandika kwenye patisheni ya Windows, unafungua D unasoma vizuri ila ukitaka kusevu inakataa. Hiyo ni Fast Startup. Ukiizima Windows kwa shut down inakuwa haijazimika kabisa, inalala nusu, na Linux ikiona hivyo inakataa kugusa ili isiharibu data, na iko sahihi kabisa, usilazimishe. Rudi Windows, fungua Command Prompt kama admin, andika powercfg /h off, zima, basi. Utapoteza hibernate (kuzima mashine na kazi ikabaki wazi ulipoiachia) lakini mi sijawahi kuikumbuka.

Halafu saa. Huku kwetu Afrika Mashariki ukitoka Ubuntu ukaingia Windows unakuta saa imerudi nyuma masaa 3 kamili, ni saa nne asubuhi yenyewe inaonyesha 7:00. Nilishabadilisha betri ya mazabodi (CR2032) nikidhani imeisha na wala haikuwa betri. Linux inaandika saa ya mazabodi kwa UTC (saa ya kimataifa), Windows inaisoma kama saa ya hapa, na sisi tuko UTC+3, ndo maana tofauti ni tatu juu ya alama. Andika Ubuntu timedatectl set-local-rtc 1. Itakuonya kwamba inaweza kuleta shida nchi zinazosogeza saa kiangazi na baridi, sisi hatusogezi, mi naitumia mwaka wa tatu huu bila tatizo.

Ila kabla hujaingia bayosi (setingi za hiyo UEFI) kugusa chochote, hasa Secure Boot (ulinzi unaokagua kinachowashwa), angalia kwanza kama Windows yako imefungwa na BitLocker (kufuli la Windows la diski). Laptopu nyingi mpya zinakuja imewashwa na mwenyewe hujui, ukibadilisha setingi tu inakudai ufunguo wa tarakimu 48 na usipokuwa nao data ndo basi tena. Ufunguo mara nyingi upo kwenye akaunti yako ya Microsoft, ingia uutafute leo mashine ikiwa nzima, wa kwangu nimeuandika kwa kalamu kwenye daftari na daftari halikai begi moja na laptopu.