Barua kwa mwanangu: Nani analipa?

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako zimefika. Swali lako nimelisoma kwenye simu, kisha nikamsomea baba yako kwa sauti: "Mama, nikisema furaha yangu ndiyo lengo langu kuu la maisha, huo ni ubinafsi?" Baba yako akasema mwambie arudi kazini Jumatatu, akageukia ukutani akalala. Mimi sikulala. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu kidole changu huandika maneno ya aibu ambayo sikuyakusudia. Mdogo wako ataipiga picha akutumie.

Ubinafsi unaanzia wapi na kuishia wapi, hilo waulize masheikh. Langu mimi unalijua tangu utotoni, mlikuwa mkinicheka nalo: raha hulipiwa. Hakuna raha ya bure. Mtu akiniambia anatafuta furaha simuulizi kama ni halali au haramu. Namuuliza, nani analipa?

Umenikumbusha shangazi yangu, bibi yako wa Makorora. Wewe ulimkuta keshazeeka, anauza visheti dirishani na kukuita mke mwenzie. Humjui nilivyomjua mimi. Aliolewa Muheza na mfanyabiashara wa machungwa, mtu mwenye nyumba ya bati na redio, asiyempiga wala kumnyima. Siku moja akafunga kanga zake, akapanda basi na mwanawe mgongoni, akashuka hapa Ngamiani, akamkabidhi mtoto kwa mama yangu, akaenda zake kuimba taarab. Mimi nilikuwa bado sijaanza shule. Na enzi hizo Tanga ilikuwa Tanga kweli, vikundi vya taarab vya Black Star na Lucky Star vinagombea mashabiki, mtu akinunua kanga anaulizwa yuko upande gani. Shangazi hakuwa wa huko kwa wakubwa. Kikundi chake kilikuwa cha harusi za mitaani, wapiga vyombo wake mchana ni makuli wa bandarini na mafundi baiskeli.

Wazee walimweka kitako. Mume amekukosea nini? Akajibu, "Sina furaha." Basi, hilo tu. Baraza lote likanyamaza, maana hapakuwa na mzee aliyejua kosa hilo linatozwa faini gani.

Nilipofika darasa la tatu, dada mmoja wa jirani akatutorosha usiku, mimi na mama yako mdogo wa Chumbageni, ambaye ndiye yule mtoto wa mgongoni. Tukapita vichochoroni mpaka barabara ya kumi na saba, kwenye harusi. Turubai, karabai, wanawake wamejaa mpaka barabarani. Shangazi amekaa na waitikiaji wenzie, wanja umemkolea, kikuba cha asmini na rehani kifuani. Zamu yake ilipofika akasimama mbele.

Sauti yake haikuwa kubwa, nisikudanganye. Akodiani ilimzidi. Lakini uso ule! Nilikuwa sijawahi kumwona mtu mzima mwenye uso wa namna ile. Kwetu watu wazima walikuwa na nyuso za kazi. Wanawake wakainuka kumtunza, na mmoja, mnene, mwenye bangili mpaka kwenye kiwiko, akaja anacheza akambandika noti ya shilingi kumi kwenye paji la uso. Jasho likaishika. Shangazi hakuitoa. Akaimba ubeti mzima na noti usoni, kope zinapepesa chini yake, anacheka kwa macho tu. Mpaka leo nikiikumbuka noti ile nacheka peke yangu jikoni, baba yako anadhani nimeanza kurukwa na akili.

Mama yako mdogo akanivuta gauni. Akaniuliza, "Mbona akija kuniona mimi hacheki hivi?"

Ningemjibu nini? Nikamwambia twende, kumekucha, na hata saa sita ilikuwa haijafika.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Habari ya mchuma raha hawakuisema, labda waliona haya.

Hapo ningeweza kuishia, nikatia sahihi, nawe ukarudi kazini Jumatatu na baba yako akafurahi. Lakini nikifika hapo namkumbuka mama yangu. Bibi yako hakuwahi kutamka neno furaha kwa habari ya nafsi yake. Alimlea mtoto wa wifi yake bila kuombwa vizuri, akatulea sisi, akamuuguza babu yako mpaka akamzika. Siku za changu wa nazi aligawa, sisi vipande vya katikati, yeye akajipakulia kichwa, na maneno yake yalikuwa yaleyale: "Kuleni nyie, mimi kichwa kinanitosha." Umewahi kula samaki mbele ya mtu ambaye kichwa kinamtosha? Hashuki. Kila tonge lina deni. Siku ninaolewa alinishika mabega mbele ya watu akasema, "Nenda mwanangu, kapate raha ambayo mimi sikuipata." Watu wakalia, wakadhani ni dua. Mimi nilitoka pale nimeinama, na kila nilipogombana na baba yako nilijiona nimevunja amana.

Kumbe hata asiyeitafuta furaha yake ana watu wanaomlipia. Tena huenda kwa mama yangu tulilipa zaidi kuliko kwa shangazi. La, nimesema uongo. Sisi ndio tuliolipa zaidi kwa mama. Mama yako mdogo alilipa kote kuwili.

Ile picha uliyonitumia tarehe 20 Machi, ya Siku ya Furaha Duniani, niliisoma yote. Ukaniandikia kwamba Umoja wa Mataifa wenyewe uliipitisha mwaka 2012, na kwamba Bhutan wanapima furaha ya taifa. Mwalimu mstaafu usimchokoze, nikaenda kusoma zaidi. Wale wa Bhutan hawamuulizi mtu "una furaha?" wakafunga daftari. Wana nyanja tisa, na humo wanataka kujua usingizi wako, afya yako, muda wako unavyoutumia, na ujirani ukoje. Hapo wamenipendeza. Halafu nikasoma kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu wapatao laki moja wenye asili ya Kinepali walitoka nchi hiyohiyo, wengi kwa kufukuzwa, wakaishi makambini Nepal. Na wao nani aliwapima?

Na Marekani uliyoitaja, Azimio lao la Uhuru la mwaka 1776, kwamba kila mtu amezaliwa na haki ya kuitafuta furaha. Maneno mazuri, nimeyafundisha mwenyewe ubaoni. Thomas Jefferson aliyeandika rasimu ya Azimio hilo alimiliki watumwa zaidi ya 600 katika maisha yake. Sisi wa pwani tusijifanye kushangaa. Mashamba ya miwa ya kule mto Pangani, karne ya 19, yalilimwa na watumwa, na wenye mashamba wakapunga upepo barazani. Raha hulipiwa, nimekwambia.

Sasa tuje kwako. Unataka kuacha benki, upange chumba Bagamoyo, uchore. Nilichukua kalamu nikaanza kukuandikia watakaolipa. Ada ya mdogo wako ya chuo. Ule mkopo wa wafanyakazi uliochukua benki, ambao bado unakatwa kwenye mshahara. Nilipofika kwenye mkopo nikatazama juu. Haya mabati ndiyo mkopo wenyewe. Mvua za masika zilizopita nililala bila kusogeza kitanda, kwa mara ya kwanza tangu tuhamie nyumba hii, nikasema alhamdulillahi, nikaona nina raha. Sikujiuliza nani analipa.

Kwa hiyo mimi si hakimu wa shauri hili. Mtu aliyelala chini ya bati hawezi kumhukumu aliyelinunua. Jibu ninalo, mwanangu, usidhani sina. Liko hapa kwenye ncha ya kalamu, nimeliandika, nimelikata, na ukiikazia macho picha utaona palipokatwa, ila usihangaike kupasoma. Nikisema acha kazi, nitakuwa nimemsahau yule mtoto aliyenivuta gauni. Nikisema usiache, utanipakulia mimi kipande cha katikati na wewe utabaki na kichwa, na utanitazama nikila. Sitaki. Hilo la pili nalichukia zaidi, nalisema wazi, ingawa nilikuwa nimeapa sitasema lolote.

Fanya hivi. Ukija Idi, kabla hujafika kwangu shukia Chumbageni kwa mama yako mdogo. Yeye ndiye aliyemuuguza shangazi miezi yote ile, akamwogesha kwa mikono yake, na gauni la kuimbia, lile la kijani, bado analo kabatini. Wengi tulitegemea amtelekeze. Hakumtelekeza, wala hajawahi kutueleza kwa nini. Muulize yeye kama deni lake lilishalipwa. Mimi ni mkubwa kwake na nimeshindwa kumuuliza, lakini wewe anakupenda, atakwambia. Usiende mikono mitupu, mnunulie kanga, doti nzima.

Na kuhusu ada, mdogo wako amesema yuko tayari kuomba mkopo wa serikali mwakani. Amesema mwenyewe, sikumtuma. Baba yako bado hajui, mwache alale.

Mama yako,
Ngamiani, Tanga