Anza na breki: kwa fundi mpya wa pikapu za zamani Nyanda za Juu Kusini

Mwenye pikapu akija gereji Mbeya, mara nyingi lalamiko lake ni moja: gari halina nguvu, likifika mlimani linazubaa. Anataka pampu ya dizeli iguswe, noseli zinazopuliza dizeli kwenye injini zipimwe, ikiwezekana injini nzima ibadilishwe. Wewe uliyetoka chuo cha ufundi cha VETA juzi, au uliyeletwa na mjomba ujifunze kazi, mkono utakuwasha kufungua boneti. Subiri kwanza. Piga jeki, vua magurudumu yote manne, angalia breki.

Gari likikosa nguvu, mwenyewe atachelewa kufika Iringa. Likikosa breki kwenye kona za mlima Kitonga, au kwenye mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi, huenda asifike kabisa, yeye na waliokaa nyuma juu ya magunia. Ndiyo maana huku kwetu mpangilio wa kazi unaamuliwa na mlima: breki, halafu mfumo wa kupoza injini, halafu usukani na miguu, yaani springi na shokabu. Nguvu na rangi vinasubiri, hata kama mteja ananung'unika. Mweleze kwa heshima, mwonyeshe kwa macho yake, wengi wanaelewa.

Ninazungumzia hasa Hilux za dizeli za mwishoni mwa miaka ya 1980 na miaka ya 1990, zenye injini za 2L, 3L na 5L. Ndizo zinazobeba viazi Umalila na Isyonje, mbao Mafinga, ndizi Tukuyu. Spea mpya halisi zake zina bei ambayo mkulima hawezi kuibeba kwa mavuno ya msimu mmoja, kwa hiyo tunaishi kwa mtumba: vifaa vilivyokatwa Japani au Dubai vikaingilia Dar es Salaam, na magari yaliyochinjwa hapa hapa baada ya ajali. Mtumba si jambo la kuonea aibu. Chuma kilichotengenezwa vizuri kiwandani, kikatumika nusu ya umri wake, mara nyingi kinakishinda kipya cha bei rahisi kilichovaa boksi la jina kubwa. Sharti lake ni moja: kipimwe kabla hela haijatoka mfukoni. Maneno ya muuzaji yaheshimu, ila kazi ya kuamua iachie venia (kipimo cha vipenyo na unene), rula ya chuma na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi).

Tuanze na breki zenyewe. Ngoma ya nyuma imechongwa maandishi MAX DIA na namba pembeni. Hicho ndicho kipenyo kikubwa kinachoruhusiwa. Diski ya mbele ina MIN THK, unene wa chini kabisa. Nenda na venia yako dukani, pima sehemu tatu au nne za mzunguko, maana ngoma inaweza kuwa nzima upande mmoja na kuwa yai upande mwingine. Ikiwa imebakiza kidogo sana kufikia namba ile, iache, kwa sababu utataka kuichonga iwe laini na hapo itavuka kipimo. Kalipa nzima ya mtumba, ile inayobana pedi kwenye diski, nunua bila wasiwasi, mradi pistoni haijaliwa na kutu. Lakini raba za ndani yake, raba za masta silinda (pampu kuu ya breki) na mipira ya breki inayopinda na gurudumu, hivyo ni vipya siku zote. Mpira wa zamani unaweza kuvimba kwa ndani huku nje unang'aa. Mafuta yanapita kwenda, hayarudi, na gari linavuta upande mmoja.

Mafuta ya breki hayana mtumba, ila yana umri. Yanafyonza unyevu wa hewani. DOT 3, ambalo ni daraja mojawapo la mafuta hayo, ikiwa mpya kabisa haichemki mpaka nyuzi 205, lakini ikishafyonza maji kiwango kinaweza kushuka hadi 140. DOT 4 inaanzia 230 na kushuka hadi 155. Dereva anayekanyaga breki tangu juu ya Kitonga mpaka chini anaweza kuyafikisha kwenye joto hilo, mvuke ukaingia kwenye paipu, na kanyagio likazama mpaka sakafuni. Kwa hiyo mafuta yale meusi unayoyakuta kwenye chupa usiyaongezee, yamwage yote, weka mapya, toa hewa gurudumu moja moja ukianza la mbali na masta. Rudia kila baada ya miaka miwili. Na dereva mkumbushe kile wanachofundishana wenyewe: gia uliyopandia ndiyo ushukie.

Kuna kitu kimoja nakiona kinapuuzwa gereji nyingi, na kinanisumbua moyo. Chini ya bodi, karibu na ekseli ya nyuma, pikapu nyingi za aina hii zina vali inayogawa nguvu ya breki kulingana na mzigo. Imefungwa kwenye chesisi, fimbo yake imeshikana na ekseli. Mzigo ukiongezeka, bodi inashuka, fimbo inasukuma, breki za nyuma zinapewa nguvu zaidi. Sasa mkulima anaongeza pleti za springi ili gari libebe magunia mengi. Bodi inainuka. Vali inadhani gari ni tupu, inapunguza breki za nyuma wakati nyuma kuna tani ya viazi. Diski za mbele zinafanya kazi yote peke yake, zinaungua, na mwenye gari analaumu pedi. Ukikuta pleti zimeongezwa, rekebisha fimbo ile. Ukikuta imefungwa kwa waya au imekatwa, tafuta nyingine kwenye gari lililochinjwa. Zinapatikana, kwa sababu wachache wanajua kazi yake.

Baada ya breki, maji. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, siyo 100. Hapo ndipo utaelewa thamani ya kifuniko cha rejeta. Kifuniko chenye namba 0.9 kinabana mfumo kwa shinikizo la karibu angahewa moja zaidi, na maji yanaweza kuvuka nyuzi 110 bila kuchemka. Springi yake ikilegea au raba ikipasuka, gari linachemsha njiani kupanda Chunya, na mtu anaanza kununua rejeta, wota pampu, hata gasketi ya hedi, yaani kichwa cha injini. Kifuniko ni kitu cha kununua kipya.

Thamostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, nayo ina mkasa wake. Mafundi wengi wanaing'oa na kuitupa gari linapochemsha. Huku kwenye baridi hilo ni kosa kubwa kuliko pwani. Injini ya dizeli isiyofikia joto lake inakula dizeli, inatoa moshi, oili inachafuka mapema, ringi na silinda zinalika. Asubuhi ya Juni Njombe au Makete, wakati umande umeganda kwenye majani, injini hiyo itatembea kilomita nyingi bado baridi. Pima thamostati kwa kuitumbukiza kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto. Namba ya joto la kuanza kufunguka imechongwa juu yake, mara nyingi 82. Kumbuka ya kwamba hadi ifunguke yote inahitaji kama nyuzi 95, na maji ya sufuria Mbeya hayafiki hapo. Ukiona imefunguka karibu yote, ni nzima. Na weka kulanti. Maji ya mtoni yanaleta kutu na tope, na rejeta la zamani halina nafasi ya kusamehe.

Hedi ya mtumba ndiyo inayowaliza watu. Injini hizi zikichemshwa hupasuka hedi, hasa kati ya viti vya vali ya kuingiza na ya kutoa. Ufa unaweza kuwa mwembamba usionekane. Safisha uso mpaka chuma kiwe wazi, paka mafuta ya taa, subiri kidogo, futa pakauke, kisha paka chaki. Mafuta yaliyojificha kwenye ufa yatatokeza juu ya chaki kama mstari. Hiyo ni njia ya kupimia dukani. Kabla ya kufunga, peleka kwa wanaochonga injini waipime kwa presha, halafu weka rula ya chuma mlalo, wima na mshazari, pitisha fila geji chini yake. Hedi iliyokunjika ikifungwa kwa gasketi mpya inarudi gereji mapema sana. Usisahau kulinganisha hedi na injini: 2L ni lita 2.4, 3L ni 2.8, 5L ni 3.0, na zinafanana kwa nje kuliko zinavyofanana kwa ndani.

Timing belti usinunue ya mtumba hata ukipewa bure. Kwenye injini hizi hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ikikatika vali zinagongana na pistoni. Kwa gari ambalo hakuna anayejua belti yake ilibadilishwa lini, chukulia kwamba haijabadilishwa. Pamoja nayo badilisha beringi ya kukaza belti na sili ya mbele ya kranki, kwa sababu oili ikivuja juu ya belti umefanya kazi ya bure.

Glo plagi, zile zinazopasha injini ya dizeli moto kabla ya kuwaka, zinahitaji macho. Zipo za volti 6 na zipo za volti 12 au karibu na hapo, kutegemea mfumo wa gari, na kwa umbo zinaweza kuingia tundu lile lile. Ya volti 6 ikifungwa kwenye mfumo wa volti 12 inaungua mara moja. Ya 12 kwenye mfumo wa 6 haipati moto wa kutosha, na asubuhi ya baridi gari linasukumwa na kijiji kizima. Soma maandishi kwenye plagi. Kwa stata na alteneta vilevile: kwenye mirundo ya mtumba kuna za Land Cruiser za volti 24 zimechanganywa na za 12.

Sasa lile lalamiko la nguvu. Kwa mwinuko wetu hewa ni nyembamba, injini isiyo na tabo inapata hewa pungufu kwa karibu asilimia 15 au zaidi kidogo kuliko Dar es Salaam. Pampu iliyosetiwa pwani inamwaga dizeli nyingi kuliko hewa iliyopo, na moshi unakuwa mweusi kila anapokanyaga. Kabla ya kufungua noseli, badilisha filta ya hewa na ya dizeli, angalia kama breki hazishiki gurudumu likiwa huru, kisha mpeleke kwa fundi wa pampu mwenye mashine. Usizungushe skrubu ya pampu kwa kubahatisha.

Difu ya mtumba, yaani gia za katikati ya ekseli zinazogawa mzunguko kwa magurudumu, ina hesabu yake, na hesabu hii haisamehe. Ekseli ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na uwiano mmoja. Kraun (gia kubwa ya difu) yenye meno 41 na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) yenye 10 inatoa 4.10, 43 kwa 10 inatoa 4.30, 41 kwa 9 inatoa karibu 4.56. Ukifunga tofauti, siku mwenye gari atakapoweka 4WD kwenye lami kavu, kitu kitavunjika. Muuzaji akikataa usifungue, weka alama ya chaki kwenye flenji ya pinioni, zungusha ekseli zote mbili pamoja mzunguko mmoja kamili, hesabu flenji imezunguka mara ngapi. Angalia pia kipumulio juu ya ekseli. Kikiziba, difu yenye moto ikiingia mtoni inavuta maji kupitia sili, na oili inageuka rangi ya chai ya maziwa. Masika ya Rungwe yanaharibu difu nyingi kwa njia hiyo. Baada ya kila safari ya tope, krosi za propela zipigwe grisi mpaka ile ya zamani itokeze.

Chesisi igonge kwa nyundo ndogo, hasa karibu na viungo vya springi za nyuma. Magari yaliyotoka sehemu za Japani zinazomwagiwa chumvi barabarani wakati wa theluji huja yameliwa kwa ndani, juu yamepakwa rangi nyeusi nzuri. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu. Ukikuta hivyo, mwambie mteja ukweli kabla hujapokea hata shilingi ya kwanza, kwa sababu gari hilo halistahili injini mpya.

La mwisho ni karatasi. Kadi ya gari inaonyesha namba ya chesisi na ya injini. Ukinunua injini ya mtumba, dai risiti yenye namba hiyo, na mwenye gari apeleke mabadiliko TRA (Mamlaka ya Mapato) kumbukumbu zirekebishwe. Muuzaji asiyetaka kuandika risiti, au injini ambayo namba yake imesagwa, achana nayo, hata bei ikiwa nusu. Spea ikiagizwa Dar na kuja kwa basi, omba picha ya namba kabla ya kutuma hela, na ukiipokea stendi ifungue pale pale, ulinganishe na picha mbele ya aliyeileta.