Mgeni akija ndio tunaijua Mombasa

Mie nimezaliwa Mombasa, nimesoma Mombasa, nimeolewa Mombasa, na hadi juzijuzi nlikuwa nimeingia ngome ya Fort Jesus mara mbili tu. Ya kwanza na shule tukiwa darasa la tano, ya pili nlimpeleka shemeji yangu kutoka Nakuru aliyetaka kupiga foto. Na pale nje napita kila wiki na tuktuk nikienda Marikiti kununua mboga!

Sasa mwanangu wa kwanza, ana miaka tisa, akaniuliza, mama, kwani mle ndani kuna nini? Nkamwambia mizinga. Na nini tena? Nkasema mizinga mingi. Akaniangalia vile watoto humwangalia mtu mzima wakishajua anadanganya.

Ndo tukaanza kutoka. Na jumamosi ya kwanza nkaharibu kabisa, kwa sababu nlipanga kama mgeni. Asubuhi ngome, saa sita Mji wa Kale, mchana Bamburi kuona twiga, jioni ufuo wa Pirates kuogelea. Kufika daraja la Nyali tu jamu, jua la saa saba, mdogo katapika ndani ya matatu, mkubwa analia njaa, mie nagombana na baba yao kwa simu. Twiga hatukuwaona. Nkalala nikafikiria, mgeni hukimbia kwa sababu ana siku tatu na tiketi ya treni ya SGR mkononi, mie nakimbilia wapi na hapa ndo kwetu? Tangu hapo sheria yangu ni sehemu moja, nusu siku, mtoto akichoka tunarudi nyumbani hata kama hatujamaliza. Ngome ipo pale tangu 1596, haiendi popote.

Fort Jesus nenda asubuhi mapema, saa mbili na nusu uwe ushaingia, kwa sababu ikifika saa tano yale mawe yanarudisha joto kama tanuri. Beba kitambulisho maana bei ya Mkenya si bei ya mtalii, na uwe na pesa kwa simu, wasikwambie noti hawataki ndo uanze kuhangaika mlangoni na watoto. Alafu usianze na historia. Mie nlijaribu kuwaeleza Wareno walianza kujenga 1593, sijui Waomani wakaja wakaizingira tangu 1696 hadi 1698, wakapiga miayo. Kilichowashika ni ule ukuta wenye michoro, askari wa Kireno walichora majahazi na watu kwa makaa na udongo mwekundu. Mwanangu akasimama pale muda mrefu. Akaniuliza, na hawa hawakuchapwa kwa kuchora ukutani? Hapo sasa ndo nkapata mlango wa kumwambia walikuwa mbali na kwao, wanangoja meli, hawana la kufanya, na ile vita ya miaka karibu mitatu akaisikiliza yote bila kupiga miayo. Kwa hivyo ushauri wangu, muache mtoto achague kitu kimoja cha kukiganda, wewe subiri hapo na maji ya kunywa.

Ukitoka pale usikimbilie hoteli. Nje kuna mhogo wa kukaanga, unapasuliwa katikati unatiwa pilipili na ndimu, mwambie muuzaji wa mtoto asitie pilipili (atatia kidogo tu, hawawezi kujizuia). Mji wa Kale wenyewe mie hupenda baada ya alasiri, jua limelala upande, viazi karai vinatoka na ukwaju wake, watoto wanacheza mpira vichochoroni. Hapo ni kwa watu wanaishi, vaeni vizuri na usimpige mtu foto bila kumuomba. Hata sisi wenyeji tunajisahau hapo.

Zile sanamu za pembe za ndovu pale Moi Avenue ni dakika kumi, foto, basi. Usizifanyie safari.

Sasa bahari, hapa nataka niseme sana kidogo kwa sababu ndo niliaibika zaidi. Nliwachukua watoto na binamu zao wawili tukaenda Pirates saa nne asubuhi, nimebeba maboya, taulo, mahamri na mbaazi, kila kitu. Kufika, maji yako kuleee! Mchanga mtupu na majani ya bahari, mtoto anauliza bahari wameipeleka wapi. Nkampigia baba yangu, mzee alivua miaka mingi Mtongwe, akacheka mpaka akakohoa. "We mtoto wa pwani gani huulizi maji? Jana usiku hukuuona mwezi?"

Ni hivi alivonifunza. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, hapa kwetu maji hupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Kila siku yanachelewa kama dakika 50, kwa hivyo baada ya wiki imegeuka, asubuhi ndo yamejaa, ingawa hayaendi mbali sana kama wakati wa bamvua, yaani hizo siku za mwezi mpevu au kuandama. Bamvua tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita tatu. Siku hizi kuna programu za simu zinakuonyesha saa za maji, lakini mie hutoka nje naangalia mwezi, watoto pia washajua, inawapendeza kujifanya manahodha.

Na yakipwa usirudi nyumbani. Siku ile ile tuliishia kutembea kwenye vidimbwi, kaa wadogo, samaki wa urefu wa kidole, hao watoto hawakukumbuka maboya tena. Muhimu ni viatu vya plastiki maana kuna vitu vya kuchoma, na ukiona maji yanaanza kurudi, rudini nayo, usingoje, yanazunguka nyuma yako hujui.

Bajeti ikiwa sifuri, feri. Kwa miguu hulipi kitu. Vukeni Likoni saa nne hivi siku ya jumapili, si asubuhi ya kazini wala jioni utakanyagwa, mshike mtoto mkono wakati wa kushuka. Alafu rudini mkae bustani ya Mama Ngina kando ya bahari, chini ya mibuyu na krisps, meli za makontena zinaingia Kilindini karibu mpaka unaona watu juu wanatembea. Wangu wanahesabu makontena, hawajawahi kumaliza.

Haller Park, ile ya twiga kule Bamburi, tulienda hatimaye, siku yake peke yake. Twiga wanalishwa mchana baadaye, ulimi unakuzunguka mkono, mkubwa alipiga kelele kwa furaha. Lakini mdogo, miaka sita, hakujali twiga. Mwongozaji alituambia pale palikuwa shimo la machimbo ya saruji, mwamba mtupu, bwana Haller, ambaye pale pana jina lake, akaanza kupanda miti 1971, mivinje ndo ikashika, ila majani yake yalikuwa hayaozi, wakaletwa majongoo wakayala na kinyesi chao kikawa udongo wa msitu wote ule. Mdogo akanyamaza kimya njia nzima ya kurudi, nkadhani amechoka.

Usiku nafungua kikopo chake cha chakula nioshe, kuna jongoo. Mzima, amejikunja. Nlipiga yowe mpaka jirani akabisha mlango. Mtoto katoka chumbani na usingizi wake akaniambia nisimguse, ni wa kutengeneza udongo pale kwenye roshani ili tupande mwembe.